Fimbo ya mbali haiui nyoka: Jirani ndiye zimamoto wako wa kwanza

Tuseme ni saa nne za usiku, mwezi wa Februari, nawe msomaji umeketi nyumbani kwako Nairobi, Thika au Mombasa. Simu inalia. Ni jirani wa mama yako kule Kibugu, kaunti ya Embu, na sauti yake inatetemeka. Jiko la mama limeshika moto. Upepo unavuma kutoka mlimani na cheche zinarukia ukuta wa mbao wa nyumba kubwa.

Je, utafanya nini? Hata ukiingia garini dakika hiyo hiyo, utafika wakati majivu yamekwisha kupoa. Gari la zimamoto likiitwa kutoka mjini Embu, litalazimika kupanda mlima usiku kupitia barabara za mashamba ya kahawa na majani chai, likiulizia boma lisilo na nambari wala jina la barabara. Nyumba ya mbao haina subira hiyo. Ikiwa na magodoro ya sponji, makochi na mapazia, yaweza kuwaka yote kwa muda wa dakika chache tu.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Atakayemwokoa mama yako ni yule yule jirani aliyekupigia simu, pamoja na wale watakaotoka mbio na ndoo, jembe na panga waliposikia kamsa. Hao ndio kikosi cha kwanza cha zimamoto. Hawana sare, hawana king'ora wala mshahara. Swali ambalo ukurasa huu wa afya unakuuliza leo ni hili: Je, wanajua la kufanya, na wana vifaa vya kulifanya?

Huenda ukajiuliza moto unahusiana vipi na ukurasa wa afya. Unahusiana sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kutokana na majeraha ya moto, na wengi wao wako katika nchi zenye mapato ya chini na ya wastani kama yetu. Wengi zaidi huponea lakini hubaki na makovu, vidole vilivyokunjamana au mkono usionyooka. Aghalabu ajali hizo hutokea nyumbani, hasa jikoni, na wanaoumia mara nyingi ni akina mama na watoto.

MOSHI HUTANGULIA KUUA

Watu wengi hudhani kuwa anayefia ndani ya nyumba inayoungua huuawa na ndimi za moto. Sivyo mara nyingi. Moshi ndio humfikia kwanza. Ndani ya moshi mna gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haimwashi mtu machoni. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, miguu humlegea, na hatimaye huzirai bila kupiga hata ukelele mmoja.

Gesi hii haingoji nyumba iungue. Wenyeji wa sehemu zilizo chini ya Mlima Kenya wanaujua baridi ya mwezi wa Julai, wakati ukungu hutanda kutwa nzima. Wengi huingiza jiko la makaa chumbani ili walale kwenye joto, kisha hufunga madirisha na kuziba nyufa kwa matambara. Makaa yanayoonekana mekundu na yasiyotoa moshi ndiyo yanayotoa gesi hiyo kimyakimya. Jiko la makaa halilali chumbani pamoja na watu, hata usiku uwe na baridi namna gani.

Kwa hivyo, jambo la kwanza ambalo kila jirani anayekimbilia moto apaswa kujua ni kuwa hewa safi imo karibu na sakafu. Aliye ndani atambae, asisimame. Kitambaa kibichi puani hupunguza masizi lakini hakizuii kaboni monoksaidi hata kidogo. Asiye na vifaa vya kupumulia asijitose ndani ya nyumba iliyojaa moshi akidhani kitambaa kitamlinda. Si mara moja tumesikia mwokoaji akigeuka kuwa maiti ya pili. Ni heri kuvunja dirisha au ukuta wa mbao kwa nje na kumvuta aliye ndani.

JESHI LISILO NA MSHAHARA

Kujitolea kuzima moto si jambo geni katika nchi hii. Mlima Kenya, ambao wakazi wa Kibugu huutazama kila asubuhi mbingu zikiwa safi, umewahi kuungua mara kadhaa. Mnamo Machi 2012, wakati wa kiangazi kikali, moto ulienea katika misitu na nyasi za mlima huo kwa siku nyingi. Waliopanda kuukabili walikuwa askari wa wanyamapori, walinzi wa misitu, wanajeshi na watu wa kujitolea kutoka vijijini. Mwaka 2019, kati ya Februari na Machi, nyasi za sehemu za juu ziliwaka tena, na watu wa kujitolea wakaitwa tena.

Sheria ya misitu ya mwaka 2005 ilizipa nguvu jamii zinazopakana na misitu kuunda vyama vyao na kushirikiana na Shirika la Misitu la Kenya katika utunzaji. Sheria iliyoifuata ya mwaka 2016 iliendeleza ushirikiano huo. Moto ukizuka, wanachama hao ndio hufika mapema kwa kuwa wanaishi hapo, wanavijua vijia na wanajua maji yako wapi. Wana sababu pia ya kutoka mbio. Mito kama Rupingazi na Kapingazi inayoteremka kuelekea Embu inautegemea mlima huo, na mlima ukibaki kipara, mtu wa bondeni ndiye atakayekosa maji ya kunywa.

Jirani zetu wa Tanzania nao walionja hayo Oktoba 2020, moto ulipoteketeza nyasi na vichaka vya Mlima Kilimanjaro. Mamia ya watu, wakiwemo wanafunzi na wanakijiji, walipanda kusaidia kuuzima kwa majembe, mapanga na matawi mabichi.

Hata nchi tajiri hazijalidharau jeshi la namna hii. Ujerumani, licha ya utajiri wake wote, inategemea karibu watu milioni moja wa kujitolea kuzima moto katika miji midogo na vijiji. Chile, kule Amerika Kusini, kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea hata katika miji mikubwa, na kikosi cha kwanza kilianzishwa katika mji wa bandari wa Valparaíso mwaka 1851. Tofauti ni kuwa huko watu hao wamefunzwa, wana vifaa, na wamepangwa kwa zamu. Kwetu mara nyingi mtu hujitolea moto ukiwa umekwisha kuwaka.

Hapa pana jambo ambalo halifai kusahauliwa. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la huduma za kuzima moto. Mwananchi ana haki ya kudai gari la zimamoto lenye maji na dereva aliye macho. Kikosi cha kijijini hakiondoi jukumu hilo. Kazi yake ni kuokoa maisha katika zile dakika ambazo gari hilo liko njiani.

PAMPU YA KAHAWA NA DEBE LA MCHANGA

Kikosi cha kijiji hakihitaji mamilioni. Vitu vingi vinavyotakiwa vimo tayari katika maboma ya Kibugu, ila havijapangwa kwa kazi hii.

Kwanza, kamsa ya pamoja. Wanakijiji wakubaliane ishara moja: kengele ya kanisa, kipande cha reli kinachogongwa, au filimbi. Mayowe peke yake huweza kudhaniwa ni ya wezi au ya msiba. Nambari za simu za viongozi wa kikosi ziandikwe ukutani pamoja na nambari za dharura za taifa, 999 na 112, na ile ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199. Mtu mmoja apewe kazi ya kupiga simu, na mwingine asimame barabarani kuliongoza gari la zimamoto.

Pili, maji na namna ya kuyarusha. Mkulima wa kahawa ana pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa, inayobeba lita 15 hadi 20. Pampu hiyo yafaa sana kuzima moto wa nyasi na majani makavu ya mgrevilea. Hata hivyo, isiwe ile yenye mabaki ya dawa za wadudu, kwani mvuke wake utawaumiza wenyewe. Yafaa kijiji kitenge pampu kadhaa ambazo hazijawahi kutiwa dawa. Matangi ya kuvunia maji ya mvua yasiachwe makavu wakati wa kiangazi.

Tatu, mchanga, ngazi, majembe, mapanga na vipande vya mpira wa tairi vilivyofungwa kwenye mti mrefu kwa ajili ya kupiga moto wa nyasi. Viwekwe mahali pamoja panapojulikana, na visiazimwe kwa kazi za shamba.

Nne, maarifa ya kuutambua moto. Kila moto una dawa yake. Mafuta yaliyowaka kwenye sufuria hayamwagiwi maji, kwa sababu yatalipuka na kumrukia aliye karibu. Zima jiko, funika sufuria kwa kifuniko au blanketi bichi lililokamuliwa, na usiibebe kuitoa nje. Petroli na mafuta ya taa huzimwa kwa mchanga. Moto wa umeme haumwagiwi maji kabla ya swichi kuu kuzimwa. Ukinusa gesi inayovuja, funga mtungi, fungua madirisha, wala usiwashe taa wala kuizima, kwani cheche moja ya swichi yatosha.

Tano, nidhamu. Moto uliovutia umati usio na kiongozi huwa na hatari mbili. Wakenya hawajasahau Sachang'wan karibu na Molo, mnamo Januari 31, 2009, wakati lori la mafuta lililopinduka lilipolipuka na kuua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamekusanyika kuteka mafuta na kutazama. Hawajasahau pia mtaa wa Sinai, Nairobi, Septemba 12, 2011, ambako mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yalishika moto. Penye mafuta yaliyomwagika, kazi ya kwanza ya kikosi cha kijiji ni kuwarudisha watu nyuma, si kukaribia.

AFYA YA MZIMA MOTO MWENYEWE

Anayejitolea naye ana mwili. Moto wa mlimani hupanda mteremko kwa kasi kuliko unavyoshuka, maana ndimi zake hukausha na kupasha joto majani yaliyo juu yake. Kwa hivyo usisimame kamwe mteremko wa juu mbele ya moto unaopanda. Ushambulieni kutoka ubavuni au upande uliokwisha kuungua, na kabla ya kuanza kila mtu ajue njia ya kutorokea. Mmoja wenu awe mlinzi, asiyefanya kazi nyingine ila kutazama upepo.

Valia nguo za pamba zenye mikono mirefu, na viatu vya ngozi vilivyofunika mguu. Nguo za nailoni huyeyuka na kugandana na ngozi. Kunyweni maji mara kwa mara na kupokezana, kwa kuwa joto na kazi ngumu huweza kumwangusha hata kijana mwenye nguvu. Anayeanza kubwabwaja, kutapika au kuyumbayumba atolewe kivulini, apepewe, na amwagiwe maji mwilini. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito wasikae kwenye moshi. Kazi zao zipo: kupiga simu, kuwahesabu watoto, kuandaa maji ya kunywa na ya huduma ya kwanza.

ALIYEUNGUA ANAHITAJI MAJI TU

Hapa ndipo mapenzi ya jirani mara nyingi huleta madhara. Mtoto amemwagikiwa na chai ya moto. Mmoja anakimbilia dawa ya meno, mwingine unga, mwingine mafuta ya kupikia, yai bichi au majivu. Vitu hivyo vyote huzuia joto lisitoke, huingiza uchafu, na humpa muuguzi kazi ya kuvisugua baadaye huku mgonjwa akilia kwa uchungu.

Fanya hivi. Ikiwa nguo inawaka, mwangushe mtu chini, mfunike kwa blanketi zito lisilo la nailoni na umbiringishe. Asikimbie, kwa kuwa kukimbia huuchochea moto. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa muda wa dakika 20. Tazama saa, kwa maana dakika mbili huonekana kama 20 mtoto anapolia. Hata kama zimepita saa mbili au hata tatu tangu ajali, maji hayo bado yana faida. Usitumie barafu, kwani huzidi kuiumiza ngozi.

Maji yakiendelea kumwagika, vua pete, bangili, saa na mshipi kabla ya kiungo kufura. Vua nguo pia, ila ile iliyogandana na ngozi uiache. Mfunike mgonjwa sehemu nyingine za mwili asije akapatwa na baridi, hasa mtoto mdogo na mzee, na hasa katika nchi ya baridi kama Kibugu. Usitumbue malengelenge. Funika jeraha kwa kitambaa safi kilichofuliwa au karatasi safi ya plastiki isiyokaza.

Ni nani wa kukimbizwa hospitalini mara moja? Ni mtoto mchanga na mzee. Ni aliyeungua uso, mikono, nyayo, viungo vya maungio au sehemu za siri. Ni aliyechomwa na umeme au kemikali, hata kama jeraha laonekana dogo. Ni yule ambaye jeraha lake limepita ukubwa wa kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole, eneo ambalo ni kama asilimia moja ya ngozi yake yote. Ni aliyeungua hadi ngozi ikawa nyeupe au nyeusi na haina uchungu, kwani ukosefu wa uchungu huo si nafuu bali ni dalili kuwa mishipa ya fahamu imeungua. Na ni kila aliyevuta moshi, hasa akiwa na masizi puani, sauti iliyokwaruza au nywele za pua zilizoungua. Huyo aweza kuzungumza nawe sasa, na baada ya saa chache koo ikafura na kuziba. Wote waulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

USINGOJE KAMSA

Kazi kubwa ya kikosi chochote cha zimamoto hufanywa siku ambayo hakuna moto. Wanachama watembelee maboma, wamwombe mwenye nyumba ainue mafiga au ajengee jiko lake juu kidogo ili mtoto asilifikie, na kuni zisikaushwe juu ya moto bila mtu. Mwenye kifafa asiachwe peke yake kando ya moto, kwani wengi wa wagonjwa hawa huungua wanapoanguka wakati wa kupika au kuota. Koroboi isiwekwe karibu na chandarua. Petroli ya bodaboda isihifadhiwe chumba cha kulala. Mwenye kuchoma takataka za shamba wakati wa kiangazi awajulishe majirani, asafishe mpaka, na asiondoke hadi jivu lipoe. Wavuna asali wakumbushwe kuzima mienge yao msituni.

Wakumbuke pia shule za bweni. Huko Kyanguli, Machakos, mnamo Machi 2001, wavulana 67 waliangamia katika bweni lenye vyuma madirishani na mlango mmoja uliofungwa. Huko Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21 walifariki baada ya bweni lao kuungua usiku. Miongozo ya usalama shuleni iliyotolewa mwaka 2008 inataka milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Mzazi ana haki ya kulikagua bweni siku ya kumtembelea mwanawe, na kikosi cha kijiji kina haki ya kuuliza funguo za mlango zinakaa wapi usiku.

Sasa nirudi kwako, msomaji wa mjini. Huenda huwezi kuwa Kibugu usiku ule simu itakapolia. Lakini utakuwa huko Krismasi, au Pasaka, au kwenye matanga. Siku hiyo usiishie kuchinja mbuzi na kurudi. Litembelee jiko la mama na ulitazame kwa macho ya moto. Je, tangi lina maji? Mlango wa chumba anacholala una kufuli kwa ndani, na ufunguo uko wapi? Kisha waite majirani watano au sita, uwanunulie pampu moja mpya, filimbi na ngazi, na umwombe mhudumu wa afya wa kijiji awafunze zile dakika 20 za maji. Gharama yake haifiki nusu ya karamu.

Mtu hununua bima akilinda mali yake. Kule mashambani bima ya mama yako ni yule jirani anayelala hatua 100 kutoka kwake. Mfunze na umpe vifaa leo, kungali kweupe.